Nilibeba gurudumu bovu mpaka Chicago, nikalificha siku mbili

Juzi Jumatano, muda mfupi baada ya Isha, mashine ya pinboli ya marehemu baba iligonga. Wenye mashine mmeshanielewa. Sisemi zile kengele za pointi, hizo zinalia hata kwa mtoto. Nasema ule mlio mkavu, mmoja tu, ta!, wa nyundo ya ndani ikipiga ubao, kukwambia umefikisha pointi za kupewa mchezo wa bure. Jirani yangu hapa Barabara ya 9 alitoka nje na tochi akidhani fyuzi ya nguzo imekatika. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, nacheka peke yangu kama mwehu. Mashine ile ilikuwa haijagonga tangu baba yuko hai.

Asubuhi yake nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Bagamoyo, fundi redio kama mimi. Anakwenda Ulaya kwa shemeji yake, na amesikia kwamba karibu na huko watu wanaopenda mashine za pinboli za zamani hukutana kila mwaka. "Kaka, nimeona picha zako. Nivae nini, nibebe nini, na je, hawatanicheka?" Hilo la mwisho aliliandika kama mzaha, akaweka na kikaragosi cha kucheka. Haukuwa mzaha. Naujua.

Nimeona nimjibu hapa, maana hayuko peke yake. Ninyi mnaonisoma hamji kutafuta mapishi. Kila mmoja wenu ana kitu chake chini ya shuka: santuri ya babu, redio ya mbao, cherehani ya mkono, pikipiki isiyo na kadi. Na kila mmoja anaota siku moja ataingia ukumbi uliojaa watu wenye kichaa kama chake, asiwepo hata mmoja wa kumuuliza "hiyo inakuingizia shilingi ngapi?" Mimi nimeuingia ukumbi huo. Sasa sikilizeni, na mengi niliyoyafanya msiyafanye.

Kwa mgeni, maneno machache. Pinboli ni meza ya miguu minne yenye uso wa kioo. Chini ya kioo kuna ubao ulioinama kidogo kumwelekea mchezaji. Unavuta springi, unaachia, na mpira wa chuma wa milimita 27, uzito wa gramu 80 hivi, unapanda juu na kuanza kugonga huku na huku. Kila unachokigonga kina pointi zake. Ukishuka, una vibawa viwili vya kuupiga urudi juu. Ukizama katikati, umezama. Hiyo springi ina hati ya uvumbuzi ya Marekani ya mwaka 1871, ya bwana mmoja wa Cincinnati aliyeitwa Montague Redgrave. Vibawa vilichelewa mno: vilikuja 1947, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb ya Chicago iliyoitwa Humpty Dumpty, navyo vilikuwa sita. Huo mwaka 1947 ushikeni, utarudi tukifika kwa Mjomba.

Yetu nayo ni Gottlieb. Inaitwa Royal Flush, ya mwaka 1976, ya wachezaji wanne, haina kompyuta hata punje. Ni rilei, koili, mota moja na swichi nyembamba za shaba, mamia. Baba alikuwa fundi umeme. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wageni waliokuja kujenga kiwanda fulani hapa Tanga walipomaliza mkataba waliuza vitu vya klabu yao: makochi, mafriji, meza za kulia. Baba alikwenda kununua friji. Alirudi na mkokoteni uliobeba kitu cha miguu minne chenye picha za wafalme na malkia wa karata. Mama hakusema naye siku nne.

Watoto wa Ngamiani walikuwa wakipanga foleni barazani kwetu. Baba hakumtoza mtu. Alifungua kile kimlango cha sarafu akawa anasukuma kijiti cha swichi kwa kidole, mchezo unaanza. Na kila siku ya kuamkia Idi alikuwa akiufungua mgongo wa mashine na kuitia mafuta ya cherehani, tone tone, kila kinachozunguka, halafu anafuta chupa kwa shati lake na kuirudisha juu ya kabati. Harufu yake ninayo mpaka leo. Hayo mafuta nayo yashikeni.

Alipofariki, mashine ilihamia stoo, na stoo ilikuwa ya kuku. Nilipoifungua mwaka 2019 nilitoa viota viwili na yai moja lililokauka, jepesi kama ganda la karanga.

Kuisafisha sielezi, mtalala. Siku ilipowaka taa zote nilipiga kelele. Nikabonyeza kitufe cha kuanzia. Mota ikazunguka, magurudumu ya namba pale juu yakaanza kurudi sifuri, trrr, trrr, yote isipokuwa moja. Gurudumu la makumi la mchezaji wa kwanza lilikuwa limeganda kwenye 7. Na mashine za namna hii zina msimamo wake: mpaka kila gurudumu lifike sifuri, hazitoi mpira. Itazunguka, itanguruma, itaipasha koili moto mpaka unuse vanishi ikiungua, lakini mpira huuoni. Basi nikajiamulia mwenyewe kwamba gurudumu lile limekufa. Nikayeyusha risasi iliyoshika nyaya zake, nikazitoa, kila waya nikaufunga uzi wa rangi yake, nikaliviringisha gurudumu kwenye kanga ya mama, nikaanza kutafuta la kubadilishia. Kila niliyemuuliza mtandaoni alinielekeza upande uleule: Chicago.

Si ajabu. Gottlieb, Bally na Williams, majina yote matatu makubwa ya kazi hii, yalikuwa ya mji huo. Na eneo hilohilo ndiko unakofanyika, tangu mwaka 1985, mkutano uitwao Pinball Expo. Na mdogo wangu wa kike ni muuguzi hukohuko. Mungu si Athumani.

Viza ilikuwa dola 185, hazirudi hata ukinyimwa. Afisa akaniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamweleza. Akaniomba nirudie. Nikamwonyesha picha ya mashine ikiwa na kuku juu yake. Akacheka, akaniambia nimepata. Habari za ndege na baridi nawaachia waandishi wengine. Nitasema tu kwamba kitu chenye koili na nyaya zilizokatwa, kikiwa kimefungwa kwenye kanga ndani ya mkoba wa mkononi, kinakujulisha kwa walinzi wa kila kiwanja unachopita.

Sasa ukumbi.

Mimi ni Mtanga, na kelele kubwa ninayoijua ni ya Mkwakwani, siku Coastal Union na African Sports wanapokutana. Pale mlangoni niligundua kwamba kelele zina aina. Mamia ya mashine, zote zimewashwa kwa pamoja, kila moja ina kengele, king'ora au sauti ya mtu anayekukebehi. Ukishalipa mlangoni, unacheza yoyote bure. Kulikuwa na za miaka ya hamsini zenye kingo za mbao, zinalia taratibu kama saa ya ukutani. Kulikuwa na The Addams Family ya mwaka 1992, iliyouzwa zaidi ya elfu ishirini, na foleni yake haikuisha. Wazee wenye fimbo, akina mama, watoto wamepandishwa kwenye vigoda ili waone juu ya kioo. Nilisimama pale kama mtu aliyeshuka Tanga mara ya kwanza na basi la usiku.

Mdogo wangu alikuwa ameniambia, "Kaka, vaa vizuri." Nikavaa nilivyofundishwa kuvaa vizuri: shati jeupe lililopigwa pasi, suruali nyeusi, viatu vyeusi. Wenzangu ukumbini walikuwa na fulana zenye picha za mashine, kofia, kaptura. Haikupita robo saa mama mmoja akanigeukia, hakunitazama usoni, akanipa glasi mbili tupu.

Nikazipokea.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, si yeye. Yeye aliona shati jeupe na suruali nyeusi katika hoteli, na wahudumu walivaa hivyohivyo. Mimi je? Nilizipokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa, nikasema asante. Nikawa natafuta pa kuziweka, na kabla sijapaona mtu mwingine akaniongezea kikombe cha kahawa. Jioni nilipomsimulia mdogo wangu alicheka sana, halafu akaacha kucheka, akaenda kunitafutia fulana ya shemeji.

Tangu hapo nikafunga mdomo, na hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Siku nzima ile, na siku ya pili nzima, gurudumu lilikuwa begani mwangu ndani ya mkoba, na mimi nikawa najifanya mjuzi. Nasimama nyuma ya wachezaji, mikono nyuma, natikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Mtu akiniuliza "unacheza?" namwambia natazama tu. Mtu akiniuliza "una mashine nyumbani?" namwambia ninayo, Royal Flush, inafanya kazi vizuri. Inafanya kazi vizuri! Mashine haijatoa mpira kwa miaka zaidi ya ishirini. Niliona kwamba nikitoa kile kigurudumu kwenye kanga nitakuwa tena yule wa glasi. Bora nionekane mtu mwenye mashine nzima kuliko mtu aliyevuka bahari na kipande kibovu.

Kulikuwa na ukumbi wa wauzaji. Mipira ya kila kipimo, balbu, koili, vioo, michoro ya nyaya iliyokunjwa kama ramani. Kwenye meza moja kulikuwa na boksi la katoni limejaa magurudumu ya namba, yamelundikwa kama nazi. Bei haikuandikwa. Nilipita pale mara saba. Niliona kabisa mawili yanayofanana na langu. Mara ya saba yule muuzaji aliinua macho, tukatazamana, nami nikageuka kuangalia balbu ambazo sikuzihitaji. Nilizinunua. Ninazo.

Siku ya tatu nikasema leo. Niliamka na uamuzi, nikanywa chai na uamuzi. Tulichelewa kwa sababu mdogo wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku na ilibidi alale kidogo. Tulipofika, meza ilikuwa tupu. Imebaki tepu ya gundi na kikombe. Nikamuuliza jirani yake, kwa Kiingereza changu cha sekondari: yule bwana wa magurudumu? Akatazama saa. Ameondoka saa moja iliyopita, ana safari ndefu.

Kijana wa Bagamoyo, kama umechoka kusoma, simama hapa. Ushauri wangu wote ni huo. Kitu ulichobeba kitoe mkobani saa ya kwanza ya siku ya kwanza. Kiweke mezani, useme hiki kimenishinda. Usingoje uzoeane na watu kwanza, maana kitu kibovu ndicho kinachowazoesha watu. Mficha uchi hazai.

Nilikaa kwenye kiti karibu na kona ya matengenezo, ambapo mashine mbili zilikuwa zimeinuliwa nyuso kama magari gereji. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba aibu iliisha yenyewe. Nikafungua mkoba, nikaiweka kanga mapajani, nikaifungua, nikaanza kulitazama gurudumu langu kama mtu anayetazama maiti. Mzee mmoja mwenye kofia ya besiboli, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, akaja akasimama mbele yangu. Hakutazama gurudumu. Aliitazama kanga, akaonyesha maandishi. Hii inasema nini?

Imeandikwa MDHANIAYE NDIYE SIYE. Nikajaribu kutafsiri, nikashindwa, nikasema: inasema, unayedhani ndiye, kumbe si yeye. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama ameambiwa jambo la ufundi. Halafu akalichukua gurudumu.

Alilisukuma kwa dole gumba. Halikwenda. Akalileta puani, akalinusa. Akanitazama juu ya miwani, akauliza:

"Nani alitia mafuta humu?"

Sikufikiri. Nikasema, "Mimi."

Akaanza kunisema, na alinisema vizuri, kama fundi anavyomsema mwanafunzi. Vitu hivi vinafanya kazi vikavu. Koili huvuta, springi hurudisha, kidole cha chuma husogeza gurudumu jino moja. Hakuna mahali panapohitaji mafuta. Ukitia mafuta, leo yanateleza, mwakani yanashika vumbi, baada ya miaka yanakuwa gundi. Koili si mbovu, springi si mbovu. Umeliua kwa kulipenda, akasema. Mimi naitikia tu, ndiyo, ndiyo, na machoni mwangu ni shati la baba na ile chupa.

Alilifungua palepale, juu ya kitambaa. Pamba, spiriti, kijiti. Kitambaa kikawa rangi ya sukari guru iliyoungua. Kile kisahani cha ndani chenye vitone vya shaba alikisugua kidogo kwa dodoki ya kijani, ileile ya kusugulia sufuria, mpaka vitone vikang'aa. Akafuta tena, akarudisha kila kitu mahali pake, akanipa. "Sukuma."

Nane. Tisa. Sifuri.

Dakika kumi, pengine hazikufika. Kwa spiriti na pamba zinazouzwa duka la dawa pale karibu na stendi. Nilitoa pesa, akazikataa, akaniuliza mimi ni mchezaji wa aina gani. Nikamwambia ukweli kwamba siku tatu hizi sijagusa hata mashine moja. Alinishika mkono kama mtoto akanipeleka kwenye Gottlieb ya miaka ya sitini, na wakati huo taa za ukumbi walikuwa wameanza kuzima safu kwa safu. Tukacheza mchezo mmoja. Alinishinda vibaya sana, hata huruma hakunionea, nami namshukuru kwa hilo.

Nimekuwa nikifikiri sana kuhusu siku zile mbili, na wacha niseme, maana nawaona mafundi wenzangu hapa Tanga na najiona mwenyewe. Sisi tumezoea kwamba fundi ni mtu anayejua. Mteja akileta redio, hata hujaifungua ushamwambia ni "transista". Ukisema "sijui" anaichukua anavuka barabara kwa mwenzako. Basi tumejifunza kutokusema sijui, tumekuwa nalo gumu mdomoni kama kashata ya juzi. Ukiingia na tabia hiyo kwenye ukumbi wa watu waliokaa na vitu hivi miaka hamsini, utatoka kama ulivyoingia, na nauli umelipa. Vijana, acheni. Ulizeni. Narudia: ulizeni. Wale watu hawakukusanyika pale kuonyeshana mashine nzima. Mashine nzima kila mtu anayo kwake. Walikusanyika kwa sababu ya zile zilizowashinda. Mtu ukimpelekea tatizo umempa zawadi, na ukimficha umemnyima. Mimi niliwanyima watu mamia kwa siku mbili kwa sababu ya glasi mbili na kikombe.

Mengine ni madogo. Vaa fulana. Beba pesa taslimu. Kama mashine yako ni ya miaka ya mwisho ya sabini kuja huku, yenye bodi za elektroniki, kitu cha kwanza kuangalia ni betri iliyo kwenye bodi, kwa sababu ikivuja inakula njia za shaba kama mchwa. Na usipagawe ukanunua mashine nzima huko Marekani kabla hujafikiria umeme: wao 120, sisi 230, tafuta transfoma kwanza. Kuswali utapata pembe. Mimi nilijificha nyuma ya maboksi ya muuza vioo, akanitandikia na katoni.

Niliporudi ilinichukua miezi kumi na minne mingine. Koili moja niliiunguza kwa ujinga wangu mwenyewe, mipira ikachelewa forodhani, nikaumwa, ikaja Ramadhani. Hayo hayana raha. Bali kuna Mjomba.

Mjomba wangu ni fundi mwashi mstaafu, na tangu enzi za baba hakuwahi kuingia chumba chenye mashine hii. Kwake ni kamari. Nilipoirudisha barazani akapita.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Hilo dubwi lako limepona?"

"Si dubwi, Mjomba."

"Lina karata?"

"Lina picha za karata."

"Lina tundu la shilingi?"

"Nimeliziba."

"Mtu akishinda anapewa kitu?"

"Anapewa mchezo wa bure tu, Mjomba."

"Na mchezo huo angeutaka, angeununua kwa shilingi?"

"Angeununua."

"Basi amepewa shilingi." Akaendelea na safari yake.

Nilibaki mdomo wazi, kwa sababu siku ya pili kule, nilipokuwa najifanya mkaguzi, nilikaa kwenye mazungumzo ya historia na nikasikia hoja hiihii, karibu neno kwa neno, imetoka kwa mahakimu wa Marekani. Kuna majimbo yalisema mchezo wa bure ni kitu chenye thamani, kwa hiyo ni zawadi ya kamari. Gottlieb wakatafuta njia ya kupita: mwaka 1960 wakatoa mashine iitwayo Flipper, ambayo ukishinda haikupi mchezo wa bure, inakuongezea mpira katika mchezo uleule. Mjomba hakusoma zaidi ya darasa la nne. Angezaliwa kwingine angekuwa jaji.

Nikajipanga. Siku nyingine alikuta nimefungua mlango wa mbele wa mashine, akaona kitu ndani kikamsimamisha. "Hiyo si timazi?" Ni timazi kweli: uzito mdogo unaoning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukiitikisa mashine kwa kudanganya, timazi inagusa pete, mpira unaoucheza umeupoteza. Nikamweleza. Akainama, akaitazama kwa muda, jicho moja limefumba. "Angalau hiyo ina haki," akasema. Nikaona ndio mlango wangu, nikaingia.

Nikamwambia: Mjomba, mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello LaGuardia, alizipiga marufuku mashine hizi kwa hoja zako wewe, akazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Lakini za wakati ule hazikuwa na vibawa. Mpira ulikwenda ulikotaka. Vibawa vimekuja 1947, na tangu hapo anayeamua ni mkono. Marufuku ikaendelea tu mpaka 1976, mwaka uleule ilipotengenezwa hii yetu. Mwaka huo bwana mmoja, Roger Sharpe, aliletewa mashine mbele ya madiwani wa mji, akacheza, halafu akawaambia: sasa navuta springi, mpira utapita njia ya katikati. Akavuta. Ukapita katikati. Wakaifuta marufuku.

Nilimaliza kwa sauti ya juu kidogo, nakiri. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo tangu ndani ya ndege.

Mjomba akanyamaza. Akakoroga kahawa ambayo haina sukari.

"Aliwaambia kabla hajauvuta?"

"Kabla."

"Na ungepita pembeni?"

"Angeaibika. Na marufuku ingebaki."

"Basi na yeye," akasema Mjomba, "alicheza kamari."

Sikuwa na jibu. Sharpe mwenyewe miaka ya baadaye alikuja kukiri kwamba bahati ilimbeba siku ile, lakini hilo sikumwambia Mjomba na msimwambie ninyi.

Kwa wale mlioniandikia kuuliza bei: siuzi. Chupa ya mafuta ya cherehani ipo bado juu ya kabati, na fundi yeyote atakayenishauri nitie tone moja tutakosana.

Mjomba hajaigusa mashine. Kila jioni anakuja na kahawa yake, anakaa kwenye baraza ameipa mgongo, uso barabarani, anapokea salamu za wapita njia. Jumatano ile ilipogonga na jirani akatoka na tochi, Mjomba hakugeuka. Alisema tu, "Moja." Jana walikuja watoto wa Barabara ya 10, wale wenye mikono miepesi. Kufikia saa tatu usiku alikuwa amefika nne, na kahawa yake imepoa.